Mashua ya Nchi Kavu: Kwa Nini Chombo Huvuja, na Ufa Upi Uachwe Wazi

Kila anayeingia uani kwetu Nkuhungu huuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: mashua hii mnaipeleka wapi, na bahari iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Dodoma? Hilo ni jepesi. Bwawa la Mtera liko kusini, njia ya Iringa, na likijaa lina zaidi ya kilomita za mraba 600 za maji. Swali la pili ndilo gumu, na anayeuliza huwa ameshaingiza ukucha kati ya mbao mbili: mbona nyufa hizi hamjaziziba?

Kisha ushauri hufuata. Ipakeni faiba, zile nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi. Pigeni lami. Jirani yetu mmoja, mzee mwema aliyejenga nyumba nyingi mjini hapa, alikuja na mfuko wa saruji nyeupe mkononi, tayari kutusaidia, akatukumbusha methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Methali hiyo ni ya ukuta. Kwa chombo cha mbao kilichokaa Dodoma kiangazi kizima, kuziba ufa kunaweza kukuvunjia chombo chenyewe. Nasema hivi kwa kuwa tumeshalipa.

Jambo hili linawahusu watu wengi kuliko zamani. Tangu Serikali ihamishie shughuli zake Dodoma, kazi zimewaleta huku watu wa Tanga, wa Bagamoyo, wa Mafia, wa Unguja, waliokua wakiona tanga kila asubuhi. Baadhi yao hununua mashua chakavu, wakaipandisha juu ya lori, wakaitua uani ili waikarabati wenyewe jioni na siku za mapumziko. Ni mafundi wa ridhaa, kama tunavyosema wachezaji wa ridhaa. Kuendesha chombo wanajua. Kukitengeneza ni elimu nyingine, na kukitengeneza mahali ambapo hewa haina unyevu ni elimu ya tatu, ambayo hata fundi hodari wa pwani hakulazimika kuisoma.

Majina kwanza

Sehemu kubwa ya mkanganyiko imo kwenye majina. Mtumbwi ni gogo moja lililochimbwa kwa tezo. Hauna maungio, kwa hiyo hauvuji mpaka upasuke. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba uliofungiwa mirengu, ile miti inayotoka ubavuni ili usipinduke. Dau na mashua hujengwa kwa mbao nyingi zilizopigiliwa juu ya mataruma, na jahazi ni ndugu yao mkubwa wa kubeba mizigo. Wavuvi wengi wa maji baridi huita mtumbwi hata chombo cha mbao zilizoungwa, na hakuna ubaya. Ila ukienda dukani kununua misumari na pamba, ujue chako ni cha gogo au ni cha mbao, maana dawa zao hazifanani.

Ukitaka kuielewa mashua, mfikirie mbuzi. Mkuku ni uti wa mgongo, ule mti mrefu wa chini. Mataruma ni mbavu. Mbao za nje ni ngozi. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Mlingoti husimama, foromali ni mti mrefu unaoning'inizwa mlingotini kwa mshazari, na tanga hufungwa kwenye foromali. Kati ya ubao na ubao kuna mwanya mwembamba, na humo hupigwa kalafati: pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, kisha ikashindiliwa kwa chembeu, patasi butu isiyokata. Neno kalafati lishike vizuri. Karibu kila kosa linalofanywa uani hapa Dodoma ni kosa la kalafati.

Kinachokifanya chombo kielee

Watu huamini kwamba mashua huelea kwa sababu ni ya mbao. Mpingo nao ni mti, na ukiutupa majini unazama. Sufuria ni ya chuma, na ukiiweka wima kwenye beseni inaelea. Chombo huelea kwa sababu kinasukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake.

Lita moja ya maji baridi ina uzito wa kilo moja, na hapo hesabu inakuwa nyepesi. Mashua yetu, pamoja na mlingoti, tanga na watu watatu, ni kama kilo 500. Lazima isukume lita 500, yaani ujazo wa lile tangi dogo jeusi lililo juu ya nyumba nyingi mjini hapa. Itaendelea kushuka mpaka isukume kiasi hicho, kisha itatulia. Ukipakia gunia la mahindi la kilo 100, itashuka tena mpaka isukume lita nyingine 100.

Maji ya bahari ni mazito kidogo kwa sababu ya chumvi. Lita moja ina kama kilo 1.025, hivyo mashua ileile ikiwa Pangani ingetosheka na lita 488 hivi. Ndiyo maana chombo kilichotoka pwani kikifika Mtera hukaa chini kidogo kuliko alama yake ya zamani. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwa hofu kabisa kwamba maji baridi hayabebi. Yanabeba, na tofauti ni ndogo mno kukuzuia. Maji ya kuogopa ni yale yanayoingia ndani. Kila ndoo ya lita 20 iliyoingia ni kilo 20 za mzigo ambao hukuupanga, tena mzigo usiotulia: mashua ikilalia kushoto, maji nayo hukimbilia kushoto na kuizidishia.

Mti hunywa maji

Mkulima yeyote wa Dodoma anaijua siri ya mashua, ila anaijua kwa jembe. Kiangazi kikikolea, mpini hulegea na jembe huchomoka. Mkulima hatafuti gundi. Analitumbukiza jembe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi limeshika kama limepigiwa kabari. Mti umekunywa, umevimba.

Mti ukikauka hunywea, lakini hunywea upana. Urefu wake karibu haubadiliki. Ubao wa upana wa sentimita 20 ukinywea kwa asilimia 3 tu, umepungua milimita 6, karibu unene wa penseli. Mashua yetu ina mbao saba kila upande, na kila ubao hunywea kivyake, kuuacha mwenziwe.

Pwani jambo hili halionekani sana kwa sababu hewa yenyewe ina maji na chombo hakikai nchi kavu muda mrefu. Dodoma mvua ina msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi inayobaki ni jua na upepo wa mashariki unaokausha nguo kabla hujamaliza kuanika. Ukiitua mashua ya Pangani kwenye uwanja huo mwezi wa Juni, umeiweka kwenye kaushio.

Yetu ilikuja hivyo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni seremala kutoka Mpwapwa, fundi wa milango na vitanda. Sijawahi kuona mtu anayepiga randa kwa utulivu kama yeye. Kufika Septemba, sarafu ya shilingi 200 ilikuwa inapita kati ya ubao wa pili na wa tatu bila kugusa kokote. Tukafanya lililoonekana kuwa la busara. Tukanunua puti ya kuchanganya sehemu mbili, ile inayokauka ikawa jiwe, tukajaza kila mwanya, tukapiga msasa, tukapaka rangi ya bluu. Ilipendeza sana. Watoto wa mtaani walikuja kupiga nayo picha.

Siku ya pili majini pale Mtera tukasikia mlio: ta! Kama kijiti kikavu kinachovunjwa gotini. Baada ya muda, wa pili. Mbao zilikuwa zimekunywa maji na kutaka kurudi kwenye upana wao, zikakuta jiwe limekaa kwenye nafasi yao. Puti haikukubali kusogea, basi vikasogea vingine. Mataruma mawili ya upande wa kulia yalipasuka pale misumari ilipopita, na ubao wa chini ukaachana na mkuku kwa urefu wa mkono.

Shemeji alilishika taruma lililopasuka kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa. "Shemeji," akasema, "mlango ukivimba masika unaupunguza kwa randa. Hapa tungepitisha randa wapi?"

Hapo ndipo lilipo jibu la wale wanaotuuliza kuhusu nyufa. Mwanya kati ya mbao za mashua ni nafasi ya mti kuvimbia. Kinachowekwa humo lazima kikubali kubanwa, na pamba yenye mafuta hukubali. Ubao ukinywa maji na kupanuka, pamba hujibana, na kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozuia maji. Puti ngumu, saruji na gundi za kukauka kama kioo havijui kubanwa. Hata pamba yenyewe, ukiishindilia kwa nguvu zako zote ndani ya mbao zilizokauka kiangazi kizima, inageuka kabari. Fundi wa pwani hupiga kalafati kwa mkono mzito kwa sababu mbao zake zina unyevu tayari. Hapa kwetu mkono uwe mwepesi: pamba iingie, ikae, usiitafutie nguvu. Maji ndiyo yatakayomaliza kazi.

Tulirudisha mashua nyumbani, tukang'oa puti yote kwa patasi, kazi ya wiki nyingi, tukaweka mataruma mapya na kalafati ya pamba. Tuliporudi Mtera mbao zilikuwa zimeachana tena. Tukaishusha, maji yakaingia kama kwenye chujio, nasi tukaanza kuivuta nje kwa haraka. Mvuvi mmoja wa makamo aliyekuwa akishona nyavu akanyanyua kichwa. "Msiitoe," akasema. "Iacheni izame."

Akatuelekeza mahali pa kina cha magotini. Tukaifunga kamba kwenye kisiki, tukaweka mifuko michache ya mchanga ndani ili itulie chini, tukaiacha ijae mpaka juu. Nililala vibaya usiku ule. Siku ya tatu tukatoa mifuko, tukaanza kufua maji kwa ndoo, wawili ndani na mmoja nje akiishikilia. Kila nilipoinama kuchota niliangalia ule mwanya wa sarafu. Nilipitisha kidole juu yake na sikuuona tena, isipokuwa mstari mweusi wa pamba, mwembamba kama uzi. Kesho yake asubuhi tulikuta ndani ndoo sita za maji. Kesho kutwa, mbili.

Ufa upi uuache, upi uutibu

Hii haina maana kwamba kila ufa ni salama. Mwanya unaofuata maungio ya mbao, wenye upana uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, na wenye kingo ngumu ukizigusa kwa kisu, ni kiu tu. Uache. Ufa unaokata ubao kukingama nyuzi ni mvunjiko, na ubao huo hubadilishwa au huungwa kipande kipya. Ufa unaozunguka kichwa cha msumari maana yake msumari umelegea au umeliwa na kutu ndani, na nje unaweza kuonekana mzima kabisa. Mafundi wa zamani huzungushia shingo ya msumari pamba yenye mafuta kabla ya kuugongelea, na hutoboa tundu kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke. Mambo hayo mawili hayahitaji mashine wala fedha nyingi, na mtu asiye fundi anaweza kuyafanya sawasawa na fundi.

Na mwanya wowote unaoendelea kuvuja baada ya siku tatu au nne za kulowekwa, huo sasa utafute kalafati mpya.

Faiba na ukuta wa tembe

Nimeulizwa kuhusu faiba mara nyingi kuliko jambo jingine lolote. Boti iliyojengwa kwa faiba tangu mwanzo ni chombo kizuri. Boti ya plaiwudi iliyofunikwa faiba nayo hudumu, kwa sababu plaiwudi ni karatasi nyembamba za mti zilizobandikwa kwa kupishana, nyuzi za moja zikienda urefu na za nyingine zikienda upana, hivyo kila moja inamzuia mwenziwe asivimbe. Shida iko kwenye kuivika faiba mashua kuukuu ya mbao zilizopigiliwa.

Anayetaka kujua litakalotokea asiende mbali, aangalie nyumba ya tembe. Ukuta wake ni miti na udongo, na udongo huvimba masika na kunywea kiangazi. Mwenye nyumba akipata fedha hupiga plasta ya saruji nje ili ipendeze. Mwaka wa kwanza inapendeza. Kisha udongo unacheza na saruji haichezi, plasta inachanika kama nywele, maji ya mvua yanapenya nyuma yake na hayapati pa kutokea. Siku moja kipande kizima kinadondoka, na udongo uliokuwa nyuma umelainika kama uji. Faiba juu ya mbao zinazocheza hufanya hivyohivyo. Kibaya zaidi ni kwamba inaficha: nje unaona rangi inayong'aa, ndani ubao unaoza bila mtu kujua.

Neno moja kuhusu plaiwudi, kwa wale wanaofikiria kujenga kipya. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kuna mbao pana zenye uso mweusi au wa kahawia unaong'aa, nazo huitwa marini. Jina ni la baharini, lakini nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege, zitumike mara kadhaa na kutupwa. Plaiwudi ya boti yenye sifa kamili hufuata kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1088. Ukiwa na shaka, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe saa kadhaa, kikaushe, kichemshe tena, kisha jaribu kuzibandua karatasi zake kwa kisu. Zikiachia, hiyo ni ya zege. Tazama pia ubavuni: vishimo kati ya karatasi na karatasi ni vyumba vya maji.

Kuoza na kuliwa

Watu huchanganya magonjwa mawili. Kuoza ni kazi ya ukungu, na ukungu unahitaji unyevu, hewa na joto kwa pamoja. Ubao mkavu hauozi. Ubao uliozama moja kwa moja nao hauozi kirahisi, kwa sababu haupati hewa. Pale Mtera bado kuna miti iliyosimama majini tangu bonde lilipofurika baada ya bwawa kujengwa miaka ya 1970. Vichwa vyao vilivyo juu ya maji vimepukutika, na sehemu za chini ni ngumu kiasi cha kuitoboa mashua. Kinachooza ni sehemu inayolowa na kukauka: pale maji yanapoishia ubavuni, kwenye kona za tezi, chini ya mbao za kukalia ambako maji ya mvua hutuama. Mvua ni mbaya kwa chombo kuliko bahari, kwa kuwa chumvi huuchelewesha ukungu.

Kuliwa ni jambo jingine. Baharini kuna mnyama mwenye umbo la mnyoo anayetoboa mbao zilizo chini ya maji, na ndiyo sababu mafundi wa pwani hupaka chini ya chombo mchanganyiko wa shahamu na chokaa, wakaurudia kila baada ya muda. Maji baridi ya Mtera hayana mnyama huyo. Aliyekuambia upake shahamu na chokaa kwa ajili ya Mtera amekupa dawa ya ugonjwa ambao haupo. Dodoma mla mbao anatoka ardhini, na ni mchwa. Mashua iliyolazwa juu ya udongo wakati wa mvua inaweza kuliwa mkuku kutoka ndani huku rangi ya nje ikibaki nzima. Iinue juu ya matofali, na kila wiki kagua kama kuna vijia vya udongo vinavyopanda. Ukiviona vivunje, usisubiri Jumamosi.

Kipimo cha magonjwa yote mawili ni ncha ya kisu. Ubao mzima huikataa ncha na hulia wazi ukiugonga kwa nyundo. Ubao mbovu huipokea ncha kama kiazi kilichochemshwa, na sauti yake hufa palepale. Kabla hujalipa fedha yoyote ya mashua chakavu, tembea nayo kutoka omo hadi tezi kwa kisu na nyundo, na muuzaji akikukataza, acha.

Wapo wanaosema chombo kikishazama au kikishalala miaka hakina maisha tena. Reli ya Kati inayopita hapa Dodoma ilibeba ushahidi wa kinyume chake. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa njia hiyo kuelekea Kigoma, ambako iliungwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi walikwisha kuipaka mitambo grisi nzito. Iliinuliwa, ikakarabatiwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua, Liemba. Ile ni meli ya chuma na yetu ni mashua ya mbao, lakini kisa ni kilekile: grisi iliizuia hewa na maji visikutane na chuma. Anayejua adui wa kitu chake anaweza kukilaza miaka na akakikuta.

Tanga na mbegu ya zabibu

Swali jingine linalorudi: upepo ukitoka unakoelekea, utafikaje? Wengi hudhani tanga husukumwa tu kutoka nyuma, kama jani juu ya dimbwi. Chukua mbegu ya zabibu iliyolowa, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Inachomoka kwenda mbele, ingawa umeibana kutoka pembeni. Mashua ya tanga hufanya hivyo. Upepo hulikandamiza tanga upande mmoja, maji huukandamiza mkuku upande wa pili, na chombo kikiwa kimebanwa katikati hakina pa kwenda isipokuwa mbele.

Moja kwa moja kwenye uso wa upepo hakuna tanga linaloenda. Hapo hupigwa bisha: unakwenda mshazari kulia, unageuza, unakwenda mshazari kushoto, kama barabara inavyoupanda mlima wa Kitonga kwa kona. Kwa hiyo mkuku wa chini usiupunguze ili mashua iwe nyepesi kubeba kwenye lori, kama nilivyowahi kushauriwa. Ukiupunguza umeondoa kidole kimoja, na mbegu haichomoki tena. Farumi nayo, ule uzito wa chini unaoizuia mashua isilale, usiweke mawe yanayobiringika. Mifuko ya mchanga hukaa pale ulipoiweka, na chombo kikijaa maji unaweza kuitupa.

Kabla ya kushusha

Usalama wa vyombo vidogo vya majini uko chini ya TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na kuvua kuna leseni yake ya idara ya uvuvi. Waulize kabla ya kupaka rangi ya mwisho, maana mkaguzi huenda akataka kuona mbao zenyewe. Jaketi okozi liwe la kila mtu, si la wageni tu. Mtera kuna viboko na mamba, kuna visiki visivyoonekana maji yakiwa juu, na kuna ukuta wa bwawa la kuzalisha umeme ambao hausogelewi.

Mashua yetu kwa sasa iko nyumbani tena, tunangoja foromali mpya. Tumeijengea kibanda cha turubai kinachopitisha upepo, na ndani, juu ya mbao za chini, tumetandika magunia ya katani. Magunia hayo hayaachwi yakauke, ili mbao zisifungue tena mpaka siku ya safari. Mimi na shemeji tukiwa kazini, kazi hiyo huifanya mama mkwe. Jioni akimaliza kumwagilia mchicha, huja na ndoo iliyobaki, huimimina taratibu kuanzia omo mpaka tezi, kisha huinama na kusikiliza kama kuna tone linaloanguka chini.